Jauli Uliyonifundisha

Gatsata, Kigali

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama kaniambia unatembea tena bila fimbo. Nimefurahi, ila usijitie ujana. Mimi mzima, nakula vizuri, baridi ya asubuhi nimeizoea. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningepiga chenga tu.

Wiki iliyopita makamu mkuu wa shule alikuja kukaa darasani kwangu, kama wanavyomfanyia kila mwalimu mgeni. Nilikuwa nafundisha nishati na kipimo chake. Nikamwambia mwanafunzi anyanyue ndoo ya maji ya lita ishirini toka sakafuni aiweke juu ya meza ya kimo cha mita moja, kisha wote wakapiga hesabu. Nikatangaza jibu: jauli mia mbili. Darasa zima likaangua kicheko. Hesabu ilikuwa sawa, Baba. Walicheka hiyo "jauli", nilivyolitamka neno "joule". Wao husema "juul".

Saa ya chai mjadala ukawaka ofisini. Makamu, aliyekulia Uganda, akashikilia "juul". Mzee Gaspari wa kemia, aliyesoma kwa Kifaransa, akasema wote tumekosea, ni "zhuul", na akachongoa midomo kutuonyesha. Nami unanijua, nikabisha mpaka chai ikapoa. Basi makamu akaniuliza mbele ya wote, "Lakini wewe, nani alikufundisha hivyo?"

Nikajibu, "Mwalimu mmoja tu wa kijijini. Alikuwa anabahatisha."

Wakacheka, nami nikacheka nao.

Wakati wa kutoka Mzee Gaspari akanifuata getini.

"Mwarimu, nilipita dirishani, nikaona ile ndoo. Watoto yote walipata jibu. Ndoo pia ni ya huyo mwarimu ya kijiji? Iko hai?"

"Ni yake, na yupo."

"Mupe salamu yangu. Nimefundisha miaka mingi, sijawahi kufikiria ndoo."

Nikamwambia, "Ni baba yangu."

Akanitazama. "Sasa kwa nini ulimusema vile?"

Nikamuaga haraka, nikashika njia.

Hukuwa unabahatisha, Baba. Vitabu ulivyokuwa navyo havikuonyesha matamshi, na hapakuwa na wa kumuuliza. Kesho yake, watu wakinywa chai, nikasimama nikawaambia kwamba yule mwalimu ni baba yangu na ile ndoo ni yake. Makamu akasema pole. Wengine wakaendelea na chapati zao. Darasani sasa nasema "juul", watoto wana mtihani. Kwa hilo usinikasirikie. Kwa lile jingine una haki.

Nisalimie Mama, na shangazi Mwajuma aliyenisuka nywele siku ya safari. Kaka Issa, fundi wetu, mwambie zile sketi zimenikaa sawasawa. Salamu za Mzee Gaspari ndizo hizo, na nisingeweza kukufikishia bila kukueleza zilivyopatikana. Nilikuonea aibu mbele za watu, Baba, na ni wewe uliyenifikisha mbele za watu hao. Nisamehe.

Mwanao,
Zuhura