Mbuzi wa Pili Hakuja

Yaya, kaka yangu mkubwa,

Miguu imekataa kunifikisha kwenye kaburi lako, basi nakuandikia nikiwa kitandani, hapa Butembo, kabla pumzi haijakatika.

Unakumbuka siku uliyoniletea maharagwe shuleni, kule Mangina? Ulisimama dirishani ukanisikiliza nikifundisha habari za watawala wa Inde, nchi ya Wahindi, na wafanyabiashara Waingereza. Mtawala mmoja aliwapa ukingo wa mto wajenge ghala. Wakamletea zawadi, naye akaona wamekiri kwamba nchi ni yake. Baadaye wakazungusha ukuta, wakapandisha mizinga. Alipowaambia wabomoe, wakaleta askari. Ulicheka mpaka wanafunzi wakageuka, ukaniuliza:

"Mwalimu, ule mufalme hakukuwa na ndugu mwenye kusoma?"

Miaka miwili haikupita, mnunuzi mgeni wa kahawa akaja kwako, wewe mkuu wa kilima chetu, kuomba mahali pa ghala. Alileta mbuzi. Kwetu, anayetumia udongo wa mwingine huleta mbuzi kila mwaka, kukiri kwamba una mwenyewe. Ulifurahi. "Huyu mutu iko na heshima," ukasema. Karatasi yake ilikuwa ya Kifaransa, ukanipa nikusomee.

Nilisoma yote, Yaya, isipokuwa mstari mmoja: kilima chote kitakuwa chake milele. Alikuwa ameniahidi mabati ya darasa langu. Nikakuambia maneno yale yanafuata desturi yetu. Ukatia kidole.

Mbuzi wa pili hakuja. Ulikuja uzio wa waya, kisha askari. Ukahamia Bungulu, nyumba ya kupanga, wewe uliyegawia wengine mashamba. Kila nilipokutembelea ulijilaumu: "Sikuuliza muzuri, donc ni kosa yangu." Nami nilikunywa chai yako, nikaaga. Ulipofariki tuliomba ulale kando ya Baba, kule kilimani, walinzi wakaturudisha. Nilikuwa nimeshika jeneza lako, na bado sikusema.

Wanao wamekua wakiamini baba yao alikuwa mjinga. Nimewaita Jumapili baada ya ibada. Nitawaambia, hata wakiondoka bila kuniaga.

Lakini swali lako la dirishani sikulijibu, na wewe ndiwe wa kwanza kustahili jibu. Alikuwa naye, Yaya. Ndiye aliyemsomea karatasi.

Nikifika huko, usiniite ndani upesi. Niache nisimame mlangoni kwanza.

Mdogo wako,
mwenye kusoma