Ulimi wa Shangazi na Mvua za Kale

Shangazi yangu mpendwa,

Ulimi wako uliniudhi sana. Kila ukirudi kutoka shimo lako kule ukingoni, njia ya Irumu, ulitua gunia, ukamega udongo kidogo na kuusaga kwa meno ya mbele, macho umefumba. Udongo ukikwaruza, ulitema. Ukiwa laini, ulicheka peke yako. Wajawazito wa mtaa wetu wa Mudzipela hawakununua udongo wa kula kwa mtu mwingine, na mimi nilitamani ardhi inimeze kwa haya.

Siku moja nikakuletea bonge jeusi la bondeni, nikidhani nakusaidia. Ulilionja, ukatema.

"Weye mutoto, unataka kuniulia wateja? Hii inavimba mu tumbo, haiyaoshwa. Ile nyeupe, mvua iliiosha sana, zamani sana."

Nilicheka. Mvua gani hiyo inayoosha udongo ulio chini ya ardhi?

Halafu wenzangu wa shule wakasimama mbele ya meza yako sokoni, wakaniuliza huyu mama ni nani kwangu. Nikasema ni jirani. Ulisikia. Jioni uliniita tu, "Jirani, kuya kula, bugali iko tayari," ukaniwekea mboga ya sombe nyingi kuliko siku zote. Nilikula. Sikuomba msamaha.

Kumbe ulijua! Mwaka wangu wa pili wa jiolojia, profesa alimega udongo, akausaga kwa meno ya mbele. Nilishtuka. Akatueleza kwamba joto na mvua nyingi, kwa miaka isiyohesabika, huosha kila kinachoyeyuka mpaka ubaki udongo mweupe usiovimba. Penye kiangazi kirefu hubaki ule mweusi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Basi kwa kazi yangu ya mwisho nikaenda ukingoni kwako. Chini ya mweupe wako, nikionja kwa meno kama weye, nimekuta tabaka la ule unaovimba: nchi yetu iliwahi kuwa kavu, kabla ya mvua ile ndefu. Na shimo lako liliishia hapo hapo, pale ulimi ulipokataa. Yesu wangu, Shangazi, ulikuwa na akili!

Jana nilitetea kazi hiyo mbele ya maprofesa watatu. Mmoja akauliza nilijifunza katika maabara gani kutenganisha tabaka kwa meno. Ningeweza kutaja kitabu, wala wasingejua.

"Ni shangazi yangu," nikasema. "Dada ya baba. Ndiye alinilea. Alikuwa anauza udongo wa kula sokoni Mudzipela."

Nikataja jina lako lote, na lile la ubatizo. Wakaandika. Nilingoja wacheke, hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipolia, mbele yao wote, maana "shangazi yangu" halikuwa neno gumu hata kidogo, na weye ulikufa hujalisikia kwangu mbele za watu.

Pumzika, mama.

Mimi,
mtoto wa kaka yako