Chumba Ulichotuchagulia Ikoma

Iringa, Jumatatu

Kaka Chacha,

Tomi, mbwa wa wanangu, alipotea Jumapili alfajiri, likizo ya Juni, kwenye ile gesti uliyotuchagulia wewe upande wa Ikoma. Naanza na hilo ili usijifanye hujui ninaandikia nini. Sasa shikamoo. Naamini u mzima, maana mtu anayekata simu za mdogo wake kila jioni hawezi kukosa nguvu. Sisi huku tunaendelea. Baridi ni kali, duka la vifaa vya ujenzi linakwenda, shemeji yako mgongo umepoa kidogo, Mwita anasoma. Ghati, na miaka yake minane, bado anajaza maji kwenye bakuli la mbwa kabla ya kwenda shule. Mimi nayamwaga akishatoka.

Unajua kwa nini tulihitaji gesti. Shemeji yako hawezi kulala boma moja na mama mkwe wake, na kwa hilo sina lawama, ndivyo tulivyolelewa. Nilikupigia mapema nikakutajia mambo manne tu: vitanda viwili, neti nzima, uzio unaozunguka kote, na mwenye nyumba akubali mbwa alale ndani na watoto. Ukajibu, "Hayo yamekwisha, dada. Ni kwa Nyamhanga, rika langu."

"Umekiona chumba?"

Ukacheka. "Nikakague nyumba ya mtu niliyetahiriwa naye siku moja? Si atanishangaa!"

Basi hicho ndicho kipimo chako cha gesti. Mimi mteja akitaka mlango namuuliza kwanza upana wa fremu. Wewe umepeleka watoto wakalale mahali ambapo hujawahi kusukuma hata dirisha.

Kitanda kilikuwa kimoja. Neti ilikuwa na tundu la kupitisha kichwa cha Mwita, na alikipitisha. Uzio uliishia nyuma ya choo, baada ya hapo ni pori mpaka hifadhini. Hayo tungeyavumilia. Lakini yule mhudumu wenu mwenye koti la mvua, alipomwona Tomi anaingia chumbani, aliita wenzake waje washuhudie.

"Mama, huyu mbwa anaumwa?"

"Haumwi. Analala na watoto."

"Na asubuhi nimletee chai?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwisho wakasema mwenye nyumba amekataza kabisa, wakamfunga barazani, mlangoni petu.

Kulipokucha hayupo. Ukaja na pikipiki yako, ukatazama chini kidogo kama mtaalamu, ukatoa hukumu: "Fisi." Kaka, fisi hafungui mnyororo. Fisi hakunji mnyororo vizuri na kuuweka juu ya kiti. Damu hakuna, manyoya hakuna. Ghati akakuuliza, "Mjomba, fisi amemla na mkanda wake?" Ukainama kukagua tairi la pikipiki. Gesti hukukagua, tairi ukakagua!

Nilinyamaza kwa ajili ya mama, kwa vile alikuwa amefurahi sana kuwaona wajukuu.

Wiki iliyopita Wankuru, binamu yetu, alinipigia kutoka hapo nyumbani Nyambureti. Anasema alikwenda Ikoma kuuza nyanya, akakutana na ng'ombe wa Nyamhanga wakipelekwa kunywa maji. Nyuma yao mbwa wa kahawia anachechemea, shingoni ana mkanda wa nyuzi za kijani. Mkanda ule alisuka Ghati. Wankuru akaita, "Tomi!" Mbwa akageuka, mkia juu. Mchungaji akamfokea, "We mama, mwache! Huyo bosi kapewa na Chacha."

Kumbe. Rika aliomba mbwa, na rika hanyimwi. Sawa, mpe mbwa wako. Mpe jogoo wako, mpe hata viatu ulivyovaa. Lakini umegawa kitu cha mtoto, ukamsingizia fisi, kwa sababu ya kuogopa kumwambia mwanaume mwenzako hapana. Halafu kwenye vikao unakaa mbele ukidai wewe ndiye mkubwa wa boma.

Desemba tunakuja. Chumba nitatafuta mwenyewe. Nitalala kwanza juu ya kitanda, nitauzunguka uzio wote kwa miguu, nitamuuliza mwenye nyumba mbele ya mbwa, ndipo watoto watashuka garini. Wewe usijisumbue.

Msalimie mama, mwambie dawa ya mguu nimempa dereva wa basi la Musoma. Msalimie wifi yangu, mkeo, ambaye namhurumia. Baba mdogo mwambie wale mbuzi wake Mwita anawataja kila siku. Wankuru usimguse wala kumfokea, yeye amesema alichokiona, jambo lililokushinda wewe. Mama hajui bado. Atajua kwangu au kwako, chagua.

Sitaki kusikia habari za rika wala za tohara. Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, piga simu yangu. Safari hii atapokea Ghati. Mjibu yeye, kwa mdomo wako: Tomi anarudi, au harudi?

Mdogo wako,
Bhoke