Mpira wa Hewa Kwenye Mlima wa Mbinga

Mjukuu wangu Skola,

Marahaba. Hapa Mpepai sisi ni wazima. Bibi yako anaanika kahawa na anakusalimu sana.

Unauliza kama inafaa kununua mpira wa hewa wa silikoni, ule unaopitisha hewa inayosukumwa na turbo kwenda kwenye injini, kwa gari lako la turbo. Kama wa sasa ni mzima, uache. Huo mpya hautakuongezea nguvu ya maana. Ukiona ufa, badilisha upesi.

Soko huria lilipoanza, niliendesha pikapu ya turbo ya mnunuzi wa kahawa. Siku moja nilimpakia mama mjamzito pamoja na mama yake mzazi kutoka Mbamba Bay kwenda hospitali ya Mbinga, uchungu umeshamshika. Katikati ya mlima gari likaishiwa nguvu, likatoa moshi mweusi. Nikafungua boneti, nikamwomba mama yake akanyage mafuta. Hewa ikachomoka kwenye ufa wa mpira, ikanisukuma kiganja. Nilishangaa sana. Kumbe tulikuwa tunapandishwa mlima na upepo!

"Dereva, nalo linapumua?" mjamzito akauliza.

"Linapumua, mama."

Nikaufunga ufa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, tukapanda. Pale hospitali nilisimama nje ya dirisha mpaka niliposikia mtoto akilia, pumzi yake ya kwanza. Nikafanya ishara ya msalaba, mikono yangu bado ina grisi.

Babu yako