Mechi ya Déo Haijaisha

Alhamisi, Bukavu. Mvua imeanza kabla ya misa ya asubuhi na haina mpango wa kurudi kwao. Ziwa silioni. Ukungu umelikunja kama shuka na kuliweka kando.

Kwa wale wasionijua: mimi ndiye niliyefunga goli la mechi ya Sange. Goli moja tu, kona, kichwa, na kipa wao akabaki amesimama kama nguzo ya umeme isiyo na umeme. Kwa goli hilo nimekunywa bure kwenye baa za Nyawera tangu ujana mpaka meno yaliponiaga. Kwa goli hilo walinifanya prezida wa chama cha wachezaji wa zamani wa timu yetu, maana kwa shule singeupata hata ukarani. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, na mwalimu alinisindikiza mpaka barabarani kwa furaha.

Ni uongo.

Uongo wa goli, si wa shule. Nimeusema miaka mingi hivi kwamba siku hizi naukumbuka: nasikia mupira ukigonga paji la uso wangu. Lakini dakika ile mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya kamyo iliyotuleta, kifua wazi, nikipigana na maembe sita niliyokula kabla ya mechi. Nitaeleza. Mutu akiogopa moto anaanza kutoa vitu nje ya nyumba, na mimi leo naanza na kile kizito.

Naogopa. Mji huu umetufundisha kuogopa mambo makubwa, tumeyaogopa mpaka tumezoea, tunayapikia na chai. Leo naogopa kitu kidogo: tumbo la mutu mumoja.

Chama chetu kina desturi yake. Muchezaji wa zamani akifa, sanduku inafunikwa na maillot, jezi aliyochezea. Na kabla haijashuka kaburini, prezida anasimama na kusoma mechi ya marehemu. Si maisha yake, maisha ni kazi ya padri. Mechi yake moja, ile bora kuliko zote, dakika kwa dakika, kwa sauti ya mutu wa radio, tangu firimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Nikisoma firimbi ya mwisho, ndipo wanashusha.

Sasa, maiti haisimulii. Kwa hiyo mechi hizo naenda kuzichukua mapema, wenyewe wakiwa bado na pumzi. Nyumba kwa nyumba, na kaye yangu, daftari la mistari, na bic mbili. Fikiri mwenyewe ninapokelewaje.

Kule Nyangezi, winga wetu wa kulia aliniona nikishuka kwenye pikipiki akaingia kwenye mihogo yake, mbio. Siku zote za timu hakuwahi kukimbia vile. Mwengine bibi yake aliniambia bwana amesafiri, na mimi namuona chini ya pazia, miguu ileile iliyokosa penalti. Wananiita Prezida wa Sanduku. Mimi nawaambia, usiogope papa, sijaleta meta ya fundi seremala, ya fundi iko njiani.

Nilipenda kuwaogopesha, naungama. Mwenye kuogopesha wengine hakuna anayemuuliza yeye analalaje.

Déo peke yake hakukimbia. Alikataa tu. Déo ni beki wetu wa kushoto, numéro trois, yaani tatu, anakaa chini ya nyumba yangu, ngazi arobaini za udongo. Miaka yote nikimuuliza mechi yake iko wapi ananijibu kwamba bado anaicheza. Alikuwa na hesabu yake: bila mechi siwezi kumuzika. Watu watasimama pale, sanduku itasubiri, mvua itawanyeshea, prezida hana cha kusoma, mwisho watarudi wote nyumbani, na yeye pamoja nao. Tulicheka na hesabu hiyo mpaka ikawa kama dawa. Nilianza kuiamini. Nafikiri na yeye.

Jumapili iliyopita, kisha misa, alipanda mwenyewe.

Nilimuona kutoka dirishani akisimama mara tatu kwenye ngazi, mukono juu ya tumbo. Alipofika nilimuchokoza kama kawaida, nikamuambia hata konokono wa kwetu wanapanda na hawahemi. Alikaa kwenye kiti, akakunja kofia yake magotini.

"Beba kaye," akasema.

Nikauliza kaye gani.

"Ile ya wafu. Ijumaa banapasua tumbo. Doktere anasema kuko kitu ndani, kitajulikana wakifungua. Beba kaye, andika."

Mimi ninayetaniana na wajane makaburini nilitafuta bic chini ya kitanda, ndani ya kabati, chini ya redio. Ilikuwa sikioni mwangu.

Nilimuomba Mungu achague mechi nyingine. Alikuwa nazo nyingi nzuri, mutu alisafisha upande wa kushoto miaka kumi bila kubadilisha sura. Akachagua Sange.

Akasimulia vizuri, mutu huyu mukimya. Upepo wa bonde la Ruzizi ukibeba vumbi mpaka ndani ya meno. Mupira uliokuwa mugumu kama jiwe la kusagia. Mimi mbele, numéro neuf, tisa, nikikimbia nimejikunja kwa sababu ya maembe. Niliandika yote, hata maembe. Akafika kwenye winga wao aliyemushika yeye Déo maillot kwa nyuma na kuipasua tangu shingoni mpaka chini, mugongo wote ukabaki nje. Muamuzi akapiga firimbi ya mi-temps, mapumziko.

"Hapo," Déo akasema, "kocha akakutazama weye na tumbo lako, akasema, toka, na utoe maillot."

Nikaweka bic chini. Nikamuambia imeisha wino.

Akatazama bic niliyoiweka, kisha ile ya pili sikioni.

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Akacheka, mara ya kwanza siku ile, akashika tumbo kwa maumivu na bado anacheka. Akanywa chai yake mpaka mwisho, pole pole. Mulangoni akageuka.

"Unaogopa nife, Prezida, ao unaogopa niseme?"

Akashuka, mukono ukutani.

Tangu Jumapili natembea na swali hilo kama jiwe ndani ya kiatu.

Basi, hiki ndicho kilichotokea. Kocha alinivua maillot ikiwa bado na jasho langu akamutupia Déo, kwa sababu yake ilikuwa imekufa. Hakuna aliyebadilisha karatasi ya majina. Dakika kumi kabla ya mwisho, Déo alipanda kwenye kona, beki wa kushoto asiyepandaga, na akafunga kwa kichwa. Kisha wakamuvunjia kifundo cha muguu karibu na mwisho. Mimi ndiye niliyembeba mugongoni mpaka kwenye kamyo. Hiyo ni kweli, na mashahidi wangali hai, kama wakitoka ndani ya mihogo.

Mutu wa radio aliandika: goli, numéro neuf. Akatafuta kwenye karatasi numéro neuf ni nani. Kamyo ilipofika Bukavu, radio ilikuwa imefika mbele yetu. Watu walimushusha Déo mugongoni mwangu, wakamukalisha juu ya kiroba cha muchele, wakanibeba mimi.

Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa juu ya mabega ya watu, na kule juu kuko hewa nzuri.

Kesho yake nilienda kumuona na muguu wake umevimba, nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akaniambia, "Utasema mwenyewe." Basi. Hakurudia tena, hata siku ya harusi yangu, hata siku nilipochaguliwa na yeye alipiga makofi kwenye safu ya mbele. Amenisubiri maisha yote, kama anavyosubiri winga ajichokee.

Na maillot yangu, ile neuf, hakuirudisha. Sikuidai. Ningeidai na mudomo gani?

Jana bibi ya Déo, maman Sifa, alinipigia simu. Alikuwa anapanga vitu vya hospitali, sahani, shuka, tochi. Kisha akapunguza sauti.

"Papa Prezida, ndani ya sanduku yake ya nguo kuko maillot mbili. Trois imepasuka, neuf iko nzima. Ikiwa mambo yamekuwa mabaya, niipige pasi ipi? Nimemuuliza, anasema niulize weye."

Nilimuambia réseau ni mbaya, simusikii. Réseau ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Niliweka simu chini ya muto, nikaukalia.

Leo asubuhi, ndani ya mvua hii, walimubeba Déo kwa gari la mupwa wake, kwenda hospitali. Nilisimama ukutani bila mwamvuli. Sikumutania. Ni mara ya kwanza tangu tujuane, na nafikiri hilo limemuogopesha kuliko daktari. Kabla hawajafunga mulango wa gari alinyoosha kidole akagonga kifundo cha mukono, pale saa inapokaa. Vile muchezaji anamuonyesha muamuzi: wakati unakwenda, papa.

Nikaingia ndani, nikafungua kaye. Bic zote mbili zina wino.

Niliogopa. Wote niliowaandika mpaka firimbi ya mwisho nimewasoma makaburini. Najua ni wazee, najua wazee hufa hata bila kaye. Lakini nenda ukauambie mukono wangu.

Nimeandika hivi, na ninayaweka hapa kwenye mtandao, ukurasa wa chama, kila mutu ayaone:

Kipindi cha pili. Numéro trois anarudi uwanjani na maillot ya mwengine. Huyo mwengine yuko nyuma ya kamyo, anaumwa tumbo, hana kazi. Upepo unatoka bondeni. Kona ya kulia. Mupira unapanda, kipa anatoka, anajuta, na Déo, Déo wa upande wa kushoto, anaruka kama mutu aliyeitwa jina lake. Goli. Goli ni la Déo. Lilikuwa la Déo siku ile, lilikuwa la Déo kila chupa niliyokunywa.

Hapo nimesimama. Firimbi ya mwisho sijaiandika na sitaiandika. Muamuzi wa Sange ameshaiweka mudomoni, mashavu yamejaa hewa, macho yanamutoka. Abaki vile.

Kesho ni Ijumaa.

Déo, simu ya maman Sifa inafungua ukurasa huu, na atakusomea leo, kabla hawajakunyima chakula. Umeniuliza swali Jumapili. Niliogopa useme. Sasa nimesema mwenyewe, kama ulivyotaka, na hofu imebaki moja tu, lakini imechukua nafasi ya zote mbili.

Goli nimekurudishia mbele ya watu. Na weye uko na kitu changu kidogo. Sitaki Sifa akipige pasi. Sitaki akilete yeye, wala kikunjwe juu ya kitu chochote. Ukilete kwa mukono wako, upande ngazi arobaini, usimame mara tatu ao mara kumi, chai itangoja.

Nilikuazima tu, mi-temps, kwa sababu yako ilipasuka. Nirudishie maillot yangu.