Sauti ya Kukwaruza

4 Machi

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila koo. Usinipigie simu: daktari amenifunga mdomo wiki tatu. Nina vinundu kwenye nyuzi za sauti. Cheka tu, mwalimu wa sauti hana sauti! Darasani naandika ubaoni: shusha mabega, vuta pumzi hadi tumboni, usikimbilie maneno. Nimechoka, mama. Na kuna mkurugenzi mmoja, mteja wa chuo, wa kumwandaa kwa hotuba; nikimkosa, chuo kitampa mtu mwingine darasa langu.

Mwanao

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linaniuma lakini natembea. Pole sana. Nyamaza, huyo bosi angoje. Mimi nilipaza sauti mbele ya watoto sabini miaka thelathini, kila siku "Habari za asubuhi, watoto!", na sauti niliyobaki nayo unaijua. Siku ya mahafali yako uliniomba nisitoe neno la shukrani, ukamsimamisha shangazi yako. Sikukasirika. Aa, nadanganya, nilikasirika mno. Lakini nyamaza, mwanangu, upone.

Mama yako

9 Aprili

Mwanangu,

Hujambo huko? Wiki tatu zimepita, simu kimya, barua hakuna. Umeugua zaidi au umeninunia? Kama ni ile habari ya shangazi, niliisema ili initoke tu. Hata mstari mmoja unanitosha.

Mama yako

2 Mei

Mama,

Shikamoo, na samahani. Sikununa, niliona aibu. Nilimfundisha mkurugenzi kwa kunong'ona, siku tisa nzima. Mimi huyu huyu ninayewaambia wanafunzi kwamba kunong'ona kunaumiza koo kuliko kusema! Yeye akapigiwa makofi ukumbi mzima, mimi nikapelekwa kupasuliwa.

Daktari anasema nimepona, na sauti iliyobaki ndiyo hii. Darasa limekwenda kwa mwingine. Mimi nimepewa meza ofisini, napanga ratiba.

Jana nilijaribu kusema, jikoni, peke yangu. Sikujua niseme nini, nikasema, "Habari za asubuhi, watoto." Ikatoka nzito, ya kukwaruza, ikakatika mwishoni. Nikakaa sakafuni nikalia. Mama, ni yako. Ni ile ile niliyoionea haya mbele za watu.

Nisamehe. Jumapili nitakupigia. Ukisikia sauti yako upande wa pili, usikate.

Mwanao