Jani la sombe juu ya yai

Yaya Neema, dada yangu mukubwa,

Neno hili sijaambia mutu hata mumoja. Pasaka yako ya mwisho, si mvua iliyotoa rangi ku mayai. Ni mimi niliyasukula.

Uliyapanga ku meza yakauke, ukaenda mazoezi ya kuimba ku korali. Nikasikia harufu ya vinegre, siki ile ya kukaza rangi, nikaona haya: watoto wako wa shule ya yenga, wale wa Jumapili, wataingia kanisani wakinuka vile? Nikachukua sabuni. Rangi yote ikaenda na maji. Nikasema manjanja ya nyumba, mabati, imevuja. Mama akakugombeza: «Weye Neema, kila kitu haraka-haraka, hauangalie hata mahali panapovuja!» Ukacheka tu: «Mungu naye alitaka kuyabatiza.» Halafu ukagonjwa, halafu ukaenda kwa Mungu, na mimi ningali sijasema.

Mama angali anasema, hata mbele ya wageni: «Neema alikuwa mutoto muzuri, shida yake haraka.»

Tangu uondoke hakuna mutu aliyepaka yai rangi. Kesho ni Pasaka, na watoto wamekuja kwangu, mimi ninayeogopa hata kuomba jirani chumvi. «Siye mwaka huu tunakula mayai na macho tu?» kadogo kamoja kakauliza.

Basi leo nimefanya kama weye. Jani changa la sombe, lile la muhogo, juu ya yai, nikalikaza na kipande cha soksi nyembamba ya Mama, nikalitia mu maji ya rangi nyekundu na vinegre. Nilipofungua la kwanza, Yaya, nilikosa pumzi. Jani nimelitoa, lakini liko! Vidole vyake vyote, mishipa yake yote, hata katundu kadogo mududu alikotoboa. Sikugusa kalamu. Nani amechora? Nikafungua la pili: halifanani na la kwanza. Nikakaa chini ku simenti, nikayaangalia kama mutu anayeangalia mutoto aliyezaliwa sasa hivi.

Na hii ndiyo nilisukula na sabuni.

Nilijaribu kwanza kukuandikia na Kifaransa. Ikawa kama devwari, kazi ya shule ya kupelekea mwalimu. Musamaha ninauomba na kinywa cha nyumbani.

Pumzika, Yaya wangu. Kila Pasaka watoto watapata mayai yao, na hakuna tena atakayesema ulikuwa na haraka.

Kandambili za Mama nazisikia mu korido. Siku zingine ningekuwa nimeshasukuma daftari hii ninamokuandikia chini ya godoro. Zimefika ku mulango. Naiacha wazi, upande anaoweza kusoma.